Ukande Mpaka Ulainike

Mtaa mzima ulimwita Hamira, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kazi yake: alikuwa mwoka mikate tangu ndevu hazijamtoka, na harufu ya tanuri lake iliwatoa watu kitandani kabla hawajawa tayari. Ya pili ni hasira zake, ambazo zilikuwa hodari wa kuumuka na kufurika chombo. Mkewe alikuwa amezizoea. Huyo mke naye alikuwa na jina lake, Mama Dirisha, kwa kuwa wateja walimjua kuanzia kifuani kwenda juu tu, akiwauzia mikate kwenye kidirisha kinachotazama barabara. Hasira za mumewe zilimpita kama mvua ya mchana. Kitu ambacho hakukizoea, na ambacho hakuna aliyemwonya kwamba kingekuja, ni kimya chake.

Kimya kilianza na mkono. Hamira alikuwa amebeba sinia la madonge anayapeleka kwenye tanuri, akakanyaga mafuta yaliyomwagika chini ya meza, akaenda chini na sinia lake. Alijikinga kwa kiganja cha kulia, na kifundo cha mkono kikavunjika. Aliyemwaga yale mafuta ni yeye mwenyewe, kwa hiyo hata mtu wa kumfokea hakupata. Hospitali wakamfunga plasta kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko, wakamwambia akae atulie.

Kumwambia Hamira atulie ni rahisi, kwa aliye hospitali. Mwenye kuishi naye ndiye anayeijua kazi yenyewe.

Mdogo wake, ambaye kazi yake ilikuwa kusambaza mikate kwa baiskeli, ndiye aliyeshika meza. Mama Dirisha alimwita Shemeji, na kila aliyepita pale naye akamwita Shemeji, hata wasiokuwa na undugu wowote naye. Alikuwa mtu mwema na mwenye nguvu, ila alikanda unga kama mtu anayemaliza ugomvi. Mikate ikawa inatoka migumu nje, mibichi ndani. Hamira aliweka kiti cha plastiki kando ya meza ili amwelekeze, na baada ya kuelekezwa kutwa kucha Shemeji alikibeba kile kiti, Hamira akiwa nusu ameinuka, akakihamishia chumba cha mbele karibu na mifuko ya unga. Haikusaidia. Hamira akawa anatoa maelekezo kupitia ukutani.

"Ukande mpaka ulainike," alikuwa akipaza sauti. "Ukikaza usilazimishe. Uache upumzike, halafu ukande tena."

 Jibu la Shemeji lilikuwa donge kubwagwa mezani.

Siku moja fundi viatu wa jirani alinunua mkate, akaugongagonga kwenye ukingo wa dirisha. "Mama Dirisha," akasema, "huyu shemeji yako ananirahisishia kazi. Kwa huu mmoja natoa soli za pea mbili."

Mama Dirisha alicheka, maana mteja ni mteja. Halafu akakumbuka kiti cha plastiki nyuma yake, akageuka. Mumewe alikuwa amesikia kila neno. Hakufoka. Alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto, mzima, uliokuwa unafunguka na kujifunga juu ya goti lake bila kutumwa.

Tangu siku hiyo maelekezo yakakatika, kimya kikahamia nyumbani. Hamira alikula kimya, akalala kimya, na usingizini akapumua kama mtu anayepandisha mlima. Mchana alimfuata mkewe kila chumba, akasimama mlangoni, akamtazama anavyofagia, anavyopanga vyombo, bila kusema lolote na bila kuondoka. Mama Dirisha alikuwa akimpenda mumewe. Hilo halina ubishi. Lakini alimpenda zaidi akiwa upande wa pili wa ukuta, na katika siku zile alimwomba Mungu amrudishe huko zaidi kuliko alivyomwomba amponye. Alikuwa hajatambua kwamba hizo ni dua mbili tofauti.

Siku ya kutolewa plasta walikwenda wawili. Mkono uliotoka mle ndani ulikuwa mwembamba, mweupe kwa magamba, unanuka jasho la siku nyingi. Hamira aliuweka mapajani kama mzigo wa mtu mwingine aliyeombwa kuushika kidogo. Wakaelekezwa kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, chumba kirefu chenye vitanda vya rangi ya kijani, mipira ya kuminya na gurudumu la kuzungusha ukutani. Mtaalamu wa viungo alikuwa kijana mmoja aliyepandisha miwani kichwani, ambaye wagonjwa wake walijaa mpaka nje, na aliongea huku anatembea.

Aliushika ule mkono kwa vidole vyake, akaupapasa. "Mfupa umeunga vizuri," akasema, "ila bado ni mchanga. Mzee wangu, unafanya kazi gani?"

"Kazi yangu ni kukanda unga."

"Sawa." Upande wa pili bibi mmoja alikuwa ameanza kuteleza kitandani, mtaalamu akawa anamtazama huyo. "Sasa nisikilize. Ukande asubuhi na jioni, polepole, mpaka ulainike. Ukiona umekaza usilazimishe. Uache upumzike, halafu ukande tena. Mtarudi niuone." Akauachia mkono, akamkimbilia yule bibi.

Hakuna fumbo hapo. Alikuwa anazungumzia mkono: ukandwe kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, kama anavyokandwa mtu yeyote aliyeumia kiungo. Mama Dirisha alielewa palepale, kwenye kiti chake, na akaanza kufikiria ni sufuria gani atachemshia maji. Lakini lugha hii nayo ina mizaha yake. Mkono hukandwa na unga hukandwa. Mkono hulainika na unga hulainika. Na mtaalamu wa watu, bila hili wala lile, alikuwa ametamka neno kwa neno yale ambayo Hamira alikuwa akiyapaza kupitia ukutani.

Walipofika kwenye ngazi Hamira alisimama.

"Umesikia mwenyewe," akasema.

"Nimesikia nini?"

"Niukande. Asubuhi na jioni." Alikuwa anamtazama usoni, na alikuwa anatabasamu. Meno yale Mama Dirisha alikuwa hajayaona tangu siku ya yale mafuta. Hamira hakushuka ngazi. Alisimama tu pale, anamtazama, na watu wakawa wanawapita kulia na kushoto.

Mama Dirisha alifungua kinywa. Alijua la kusema. Lilikuwa jepesi, neno moja tu, mkono. Akaliona lile tabasamu, akakiona kiti cha plastiki, akamwona mtu amesimama mlangoni anamtazama akifagia, leo na kesho na kesho kutwa. 

"Amesema polepole," akasema.

Basi. Wakashuka.

Kesho yake Hamira alivaa aproni, akaingia kwenye chumba cha meza kama bwana arusi. Shemeji alimtazama mkono, akamtazama uso. "Kaka, wamekuruhusu kweli?"

"Muulize shemeji yako. Tulikuwa wote."

Shemeji akamgeukia Mama Dirisha.

"Mtaalamu amesema aukande," Mama Dirisha akasema. Halikuwa uongo, na pengine ndiyo maana lilimkwama kooni. Uongo ungepita vizuri zaidi.

Mikate ikarudi kuwa mikate. Wateja waliokuwa wameanza kuzunguka kona wakarudi dirishani wakijifanya walisafiri. Fundi viatu akalalamika kwamba sasa soli atazitoa wapi. Nyuma ya ukuta Hamira alipiga mluzi, akamfokea mdogo wake kwa ajili ya chumvi, akamfokea tena kwa ajili ya kuni, na kila alipofoka Mama Dirisha alihisi mabega yake yanashuka kwa raha. Usiku alilala fofofo. Ulikuwa usingizi mtamu, na baadaye aliuonea haya kuliko kitu kingine chochote.

Siku za mwanzo alichemsha maji. Aliweka beseni mezani jioni na kitambaa pembeni, akamwita. Hamira alilitazama beseni akacheka.

"Nimeshaukanda kutwa nzima, mke wangu. Unataka niukande mpaka uishe?"

Naye akacheka. Maji yakapoa, akayamwaga. Baada ya siku chache hakuyachemsha tena.

Kisha yakaanza mambo madogo madogo. Hamira alianza kushika kikombe kwa mkono wa kushoto. Aliacha kusalimiana na watu kwa kupeana mikono. Mtu akimnyooshea wake, alionyesha viganja vilivyojaa unga na kusema nitakuchafua. Unga huo hakuunawa tena mpaka jioni kabisa, na mkono uliojaa unga hauonyeshi rangi yake. Akaanza kuvaa shati la mikono mirefu, mbele ya tanuri, mtu ambaye miaka yote alifanya kazi na fulana. Mama Dirisha aliyaona yote. Macho aliyoyafumba yalikuwa yanaona vizuri tu.

Siku moja alikwenda nyuma kuchukua mikate, akamkuta amesimama na paji la uso limeegemea ukuta, mkono wa kulia ameubana kwapani. Donge lilikuwa mezani limeachwa katikati. Hamira alisikia miguu, akainua kichwa.

"Unga wa leo mzito," akasema.

"Unga mpya?"

"Unga mpya."

Haukuwa mpya. Mfuko alikuwa ameufungua yeye Mama Dirisha wiki iliyotangulia, na mumewe alijua hivyo. Mama Dirisha alichukua mikate yake, akarudi dirishani. Aliogopa, na aliona aibu, na alirudi dirishani akauza mikate, akarudisha chenji, akaulizia hali za watoto wa watu.

Jioni hiyo hakuweza tena. Alichemsha maji, akaweka beseni, akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana. "Nipe huo mkono."

"Niache, nimechoka."

"Nipe."

Akampa. Mama Dirisha alikunja ule mkono wa shati, akapangusa unga kwa kitambaa chenye maji. Chini ya unga mkono ulikuwa umevimba, ngozi imevutika mpaka inang'aa, na ulikuwa wa moto hata kabla hajauwekea maji ya moto. Alipougusa kwenye kifundo, Hamira alivuta pumzi kwa meno.

"Kesho tunarudi hospitali," Mama Dirisha akasema.

"Siku yenyewe haijafika."

"Huu si wa kungojea siku. Wewe ni mtu gani? Ukifunika unga wako, mtu akiinua kitambaa kuchungulia tu unataka kumtoa roho. Uacheni, uacheni, utaumuka wenyewe, ndivyo unavyosema. Mkono wako umeshindwa kuufunika hata kidogo."

Hamira hakufoka. Alikaa anayatazama maji. "Unga najua utaumuka," akasema. "Nimeuona ukiumuka maisha yangu yote. Huu sijui. Nikiuacha ukae, naogopa utakaa moja kwa moja. Na mimi nitakaa nao, pale kwenye kiti, mpaka nife."

 Mama Dirisha alikuwa ameolewa na mtu huyu miaka mingi, na hakuwahi kumsikia akisema anaogopa. Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema, yule kijana hakusema unga, alisema mkono. Alilipindua hilo neno mdomoni. Lakini ukishakaa na neno siku zote hizo, kulisema ni kusema na mengine yote: kwamba ulilijua, na tangu lini, na kwa nini. Akalimeza. Aliukanda ule mkono mpaka maji yakapoa, akaufunga kitambaa kikavu, na akajiambia kwamba kesho mapema, liwe liwalo, atampeleka.

Kesho Hamira aliamka kabla yake.

Mama Dirisha alifika dukani mbio, leso haijakaa kichwani, akakuta tanuri limewashwa na watu wawili wanangoja barabarani. Alifungua dirisha ili awaambie leo warudi baadaye. Hajamaliza kusema, Shemeji alitokea nyuma yake. Hakuwa amekimbia. Alikuwa anatembea polepole, mikono imening'inia, kama mtu aliyetumwa na hajui atamke vipi.

"Shemeji," akasema, "funga dirisha."

Hamira alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye mguu wa meza. Hakulia. Uso wake ulikuwa umepauka kuliko mikono yake. Baadaye Shemeji alieleza kwamba alisikia kitu kimelia, kama kijiti kikavu, akadhani ni kuni.

Mtaalamu wa viungo aliinua picha ya mfupa kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama muda mrefu, safari hii bila kutembea. Akaiweka mezani, akaketi mbele yao.

"Nani alikwambia urudi kazini?"

 Mama Dirisha alingoja mumewe ageuke amtazame.

Hamira hakugeuka. "Hakuna mtu," akasema. "Nilisikia vibaya."

"Nilisema uukande mkono."

"Ndiyo. Mimi nikasikia unga."

Mtaalamu alivua miwani kichwani, akaishika tu. Ilionekana anayarudia maneno yake kichwani, moja moja, na kwamba alipofika mwisho hakupenda alichokikuta. "Ningetaja mkono," akasema taratibu. "Ningesema maji ya uvuguvugu. Nisamehe, mzee wangu." Kisha akavuta kiti karibu. "Nitakuambia ukweli. Sisi hapa hatuungi mfupa. Plasta haiungi mfupa. Mwili ndio unaouunga, wenyewe, ukipewa chakula, usingizi na nafasi, na wako ulikuwa unaifanya hiyo kazi vizuri kabisa. Kazi yetu sisi ni kutouingilia. Sasa umefunguka palepale, na kano moja imechanika. Utaunga tena. Lakini utaunga na kasoro, kifundo hakitakunja kama zamani."

"Nitakanda lini?"

"Kijiko utashika. Vifungo vya shati utafunga mwenyewe." Mtaalamu aliiweka miwani mezani. "Unga, mzee wangu, ningekuwa wewe nisingeungojea."

Wakatolewa nje kungojea plasta nyingine. Palikuwa na benchi la mbao na watu wengine wenye vichwa na miguu iliyofungwa, kila mmoja na habari zake. Shemeji alikuwa amekwenda kuzima tanuri. Wawili hao walikaa bega kwa bega. Hamira alikuwa ameuweka mkono juu ya mto mdogo waliompa, na kwa mara ya kwanza tangu autoe kwenye plasta aliuacha mahali ulipo.

Mama Dirisha alitazama sakafu. Alijua kwamba akiondoka kwenye lile benchi bila kusema, hatasema tena mpaka kaburini, na kila sahani atakayomwekea mezani itakuja na jambo hilo.

"Nilijua," akasema. "Siku ile. Nilimwelewa tangu kwenye kiti. Nikanyamaza."

"Najua."

Alimgeukia. Hamira alikuwa anautazama mkono wake, na sauti yake haikuwa na hasira hata chembe. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu.

"Nilikuchoka," Mama Dirisha akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikuchoka humo nyumbani, unanifuata, husemi. Nikataka urudi kazini. Mungu anisamehe, nilitaka urudi hata kama mkono haujapona."

Hamira aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei anayoijua.

"Na mimi nilimwelewa," akasema. "Nani asingemwelewa? Ameushika mkono wangu, anasema ukande, nitasikia unga?" Akamgeukia. "Unakumbuka pale kwenye ngazi? Nilisimama."

"Nakumbuka."

"Nilikuwa nangoja unikataze."

Mlango wa chumba cha plasta ulifunguliwa, mtu mwingine akaitwa, ukafungwa. 

"Ungenifokea," Mama Dirisha akasema.

"Ningekufokea," Hamira akasema. "Ningekufokea mpaka kule nje barabarani. Halafu ningekwenda nikakaa."

Mlango ukafunguliwa tena, na safari hii walimwita Hamira. Aliinuka, mkono juu ya mto. Mama Dirisha naye akainuka ili amfuate, lakini muuguzi alimwambia ndani hapatoshi, asubiri pale. Akasubiri.